Mwendokasi: neno lililotoka kwa trafiki likapanda basi

Hadi mwaka 2016 "mwendokasi" lilikuwa neno la habari mbaya. Ulikutana nalo gazetini, aya ya pili au ya tatu ya taarifa ya ajali, baada ya idadi ya waliokufa na kabla ya jina la hospitali walikolazwa majeruhi: chanzo cha ajali ni mwendokasi. Lilikuwa neno la kamanda wa polisi, la trafiki aliyejificha na tochi yake nyuma ya mti, la dereva aliyesimamishwa na kuanza kutafuta maneno. Halafu Mei 2016 mabasi marefu yakaanza kukimbia kwenye njia yao wenyewe katikati ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na Dar es Salaam nzima ikalichukua neno la kosa ikalivika basi. Leo mtoto wa darasa la pili akisikia "mwendokasi" anaona basi. Haoni jeneza.

Mambo ya zege, tenda na mikopo nawaachia wenye taaluma zao. Mimi nasoma. Na usafiri wa mjini nao husomeka: una majina, una sarufi, una msimulizi anayejua mengi kuliko anavyosema, una wahusika waliopewa nafasi na wahusika waliosukumwa pembeni ya ukurasa. Tunachambua riwaya ambazo hazijasomwa na watu elfu moja, tena kwa mbwembwe, lakini kitu kinachosomwa na umati mzima wa jiji kila asubuhi na jioni tunakiachia ukurasa wa biashara. Sioni kwa nini.

Tuanze na jina la serikali: Mabasi Yaendayo Haraka. Litazame vizuri. Si "mabasi yanayoenda haraka", jinsi ambavyo mimi na wewe tungesema tukiwa kituoni. Ni "yaendayo". Waliokaa darasa la sarufi wanaijua tofauti. "Yanayoenda" ina -na-, ina sasa ndani yake. Unaweza kusimama, ukaangalia saa yako na kusema hapana, hayaendi. "Yaendayo" haina wakati. Ni umbo la sifa ya kudumu, la jua lichomozalo mashariki na maji yatiririkayo bondeni; ni Kiswahili cha mahubiri na cha mbao za ofisi. Basi liendalo haraka ni basi ambalo haraka ni tabia yake, hata likiwa limelala karakana wiki ya tatu likisubiri kipuri. Huwezi kulikamata kwa uongo, maana halijakuambia ni lini.

Na hiyo haraka yenyewe ni neno ambalo kila aliyelelewa kwa Kiswahili amefundishwa kulishuku, kwani tuliambiwa tangu utotoni kwamba halina baraka. Sishangai watu walilikwepa jina zima. Wakachagua neno moja, fupi, lenye jasho na hatari ndani yake.

Majina ya zamani hayakuahidi kitu. Daladala limetokana na dala, shilingi tano, nauli ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati UDA iliyoanzishwa mwaka 1974 ilipokuwa imezidiwa na abiria na serikali ikayaruhusu magari ya watu binafsi mwaka 1983. Kulikuwa na chai maharage, zile gari za mabenchi ambazo abiria mlikaa mkitazamana kama mko mgahawani. UDA yenyewe ilipoleta Ikarus, yale mabasi marefu yenye kiungo katikati, watu wakayaita kumbakumba. Baadaye vikaja vipanya. Ukivuka mpaka, Nairobi wana matatu, jina ambalo Kenda Mutongi, katika kitabu chake cha historia ya magari hayo kilichotoka mwaka 2017, analirudisha kwenye nauli ya sarafu tatu za senti kumi. Kigali walikuwa na twegerane, yaani tusogeleane. Majina yote haya yametungwa na aliyelipa au aliyebanwa. Yanataja kitu ambacho abiria amekitoa mfukoni au amekihisi mbavuni.

Mwendokasi ni la kwanza katika ukoo huu kutaja kitu ambacho abiria ameahidiwa. Hapo ndipo nguvu yake ilipo, na balaa lake pia. Hakuna mtu aliyewahi kusimama kituoni akilalamika kwamba daladala si shilingi tano tena. Lakini mwendokasi ikichelewa, neno linageuka kejeli lenyewe, halihitaji msaada wa mchekeshaji: "Mwendokasi yenyewe ndiyo hii?" Abiria amesema maneno manne na tayari ameandika tahakiki. Mpango ulikuwa mabasi 305 kwa awamu ya kwanza. Huduma ilianza na 140. Sihitaji hesabu zaidi ya hiyo kuelewa kwa nini utani ule ulianza mapema.

Hata hivyo tusiwe wachoyo. Ahadi haikuwa hewa. Njia ya awamu ya kwanza ni kama kilomita 21, na mtu wa Kimara aliyezoea kutoka nyumbani alfajiri gizani ili awahi kazini Posta alijikuta anaweza kunywa chai kwake, akiwa amekaa. Dar es Salaam ikapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, na wataalamu waliotoka mbali kuja kuangalia walikuta kitu cha kuangalia. Ukoo wake unajulikana: Curitiba ya Brazil miaka ya 1970, kisha TransMilenio ya Bogotá mwaka 2000, njia ya basi iliyotengwa, kituo kama cha treni, tiketi unakata kabla ya kupanda. Wazo ni la Amerika Kusini, lakini lilipofika Magomeni likapata lafudhi ya Magomeni.

Kitu kimoja katika mradi huu nakipenda kuliko vyote, nacho ni kitenzi. Kwenye daladala abiria hupakiwa. Ndivyo tunavyosema: gari linapakia, konda anapakia, kama vile tunazungumzia viazi. Mtu mwenye kiti cha magurudumu alipakiwa kwa maana kamili ya neno, akinyanyuliwa na watu wawili asiowajua huku gari likiunguruma kumharakisha. Kwenye kituo cha mwendokasi sakafu ya kituo na sakafu ya basi zimesanifiwa kuwa sawa, na kuna mteremko wa kuingilia. Mtu yule yule anapanda. Kitenzi kimebadilika kutoka kutendwa kuwa kutenda, na kilichokibadilisha ni zege iliyomwagwa kwa urefu unaofaa. Sijui shairi lililofanya kazi kubwa kiasi hicho kwa sarufi yetu.

Sasa, wapo wenzetu wanaoandika kana kwamba mwendokasi imeua fasihi. Hoja yao naijua, na nusu yake ni ya kweli. Daladala ilikuwa jukwaa. Konda alikuwa mghani, akiimba vituo kwa pumzi moja, akimtania mama mwenye kapu, akimjibu mzee mwenye hasira bila kupoteza chenji. Redio ilikuwa juu, siasa ilijadiliwa kutoka siti ya dereva hadi siti ya nyuma, na kioo cha nyuma kilikuwa ofisi ya uchapishaji isiyo na mhariri. Pale ndipo tuliposoma kwamba Mungu si Athumani, kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, kwamba mwenye gari anampenda mama yake na Simba, au mama yake na Yanga. Nimejifunza ufupi wa sentensi kwenye vioo vile kuliko darasani. Basi la mwendokasi halina mwenye gari wa kuandika lolote. Nyuma yake ni kioo tu.

Lakini nusu nyingine ya hoja ile imeandikwa na watu waliopata siti. Mimi nilikuwa denti. Miaka ya tisini nilipanda daladala kwenda sekondari nikiwa na sare nyeupe na nauli ya mwanafunzi, ambayo kwa konda ilikuwa hasara inayotembea. "Denti mmoja!" ndiyo ilikuwa sheria, na mlango ulizuiwa kwa mkono. Siku moja ya mvua nilishushwa kabla ya kituo changu kwa sababu alitokea mtu mzima mwenye nauli kamili. Konda akanitania wakati nashuka. Ulikuwa utani mzuri, bado naukumbuka, na gari zima lilicheka. Waliocheka walikuwa wamekaa. Kwa hiyo ninapomsoma mtu akiomboleza ushairi wa konda, naheshimu sikio lake, ila nauliza alikuwa amekaa siti gani. Ucheshi wa daladala ulikuwa ucheshi wa mwenye mlango. Binti aliyeshikwa kiuno katika msongamano na akaambiwa apande teksi kama hataki kubanwa, naye alikuwa ndani ya jukwaa hilo hilo, na sikumbuki kama alipewa mistari.

Kwa hiyo sitaki turudi. Ninachokilalamikia mwendokasi ni kingine: imechukua nafasi ya konda bila kuchukua kazi yake ya kusema. Konda, pamoja na dhambi zake zote, alikuwa mtoa habari. Ulijua gari linaenda wapi, kwa shilingi ngapi, linapitia Shekilango au halipitii, na kama linakatisha ruti Ubungo ulijua kabla ya wengine kwa sababu sauti ilibadilika. Ungeweza kubishana naye. Ungeweza kusema "shusha!" na gari likasimama, jambo ambalo ukilitafakari ni mamlaka makubwa kwa mtu aliyelipa shilingi mia chache. Mfumo mpya unamtaka abiria awe kimya na mwenye imani. Anasimama jukwaani, basi linapita bila kusimama, jingine linasimama bila kufungua, na jukwaa zima linaulizana: hilo la wapi? Limejaa? Linaenda Gerezani? Uvumi unafanya kazi ya ubao wa matangazo.

Na maneno yanapokuja, yanakuja katika kile Kiswahili cha ofisi tunachokijua wote, kiwe cha maji, cha umeme au cha usafiri: tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza. Hebu tukae na kitenzi hicho, kujitokeza. Uyoga hujitokeza. Mgombea hujitokeza. Usumbufu husababishwa, na aliyeusababisha ana cheo na meza. Sarufi hii haina mtenda kwa makusudi. Ni kama riwaya ya upelelezi ambayo kurasa zote zimejaa damu na mwisho tunaambiwa kifo kilijitokeza. Msomaji wa Kiswahili, ambaye lugha yake ina viambishi vya nafsi kwenye kila kitenzi hata akitaka kupumzika navyo, anastahili sentensi yenye mtu ndani yake. Basi la saa moja na robo limeharibika, fundi yuko njiani, linalofuata litafika baada ya dakika kumi na mbili. Haihitaji mshairi. Inahitaji mtu aliyeamua kwamba yule anayesubiri naye ana kazi ya kuwahi.

Mahali ambapo mradi umeandika vizuri ni kwenye majina ya vituo, na hapo kwa busara umenakili kutoka mtaani. Soma kutoka Kimara kushuka: Korogwe, Bucha, Baruti, Kona, Kibo, Ubungo, Shekilango, Urafiki, Tip Top, Argentina, Mwembechai, Usalama, Magomeni Mapipa, Jangwani, Fire. Ni orodha ya ajabu. Baruti iko jirani na Bucha, Usalama haiko mbali na Mwembechai, na Argentina iko Manzese bila kumwomba mtu ruhusa. Urafiki ni kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1960, kwa hiyo kila siku basi linataja diplomasia ya enzi za Mwalimu kwa abiria ambao wengi hawakuwa wamezaliwa. Mtu angeweza kuvipa vituo namba, au majina ya wafadhili. Havikupewa. Shaaban Robert ana mtaa wake mjini, mzuri na wenye kivuli, lakini ukitaka kujua msanii anaishije mdomoni mwa watu nenda Sinza, kwenye kituo kinachoitwa Kwa Remmy. Hakuna waliompa Remmy Ongala heshima hiyo zaidi ya makonda na abiria wao.

Halafu kuna Jangwani. Hapa jiji limeandika kejeli ambayo mwandishi wa riwaya angeambiwa na mhariri aipunguze. Karakana ya mabasi iliwekwa Jangwani, jina lenye jangwa ndani yake, mahali ambapo kwa kweli ni bonde la Mto Msimbazi. Mvua za masika zikaja, kama zinavyokuja, na mabasi yakaogelea. Barabara ya Morogoro ikafungwa pale darajani, njia ya haraka ikakatika katikati kama kamba, na mashabiki wa Simba wakapata wiki nzima ya utani, maana Jangwani ndiko nyumbani kwa Yanga. Tulicheka. Sasa kuna mradi wa Bonde la Msimbazi, wenye mkopo wa Benki ya Dunia, na daraja jipya la juu ni sehemu yake. Lakini swali la msomaji linabaki: wazee wa Magomeni walilijua lile bonde, wangeweza kulisimulia kwa mwezi mmoja mmoja wa mwaka. Simulizi yao ilikuwa nyaraka. Haikupata mtu wa kuisoma kabla ya zege kumwagwa.

Nimesema habari za mtenda aliyefichwa, na lazima nizirudie, kwa sababu kuna mahali ambapo sarufi hiyo inaua. Chukua taarifa yoyote ya ajali ya mjini. "Mtembea kwa miguu amegongwa na gari alipokuwa akikatiza barabara." Aliyegongwa ana kitenzi chake mwenyewe, alikuwa akikatiza, yaani alikuwa anafanya jambo, ikibidi jambo la kipuuzi. Gari limegonga lenyewe. Dereva hayumo kwenye sentensi kabisa. Na huyo "mtembea kwa miguu" ni nani? Ni neno la ajabu, kama kusema mla kwa mdomo. Tumelazimika kumtaja kwa miguu yake kwa sababu barabara zetu zilikwisha kuamua kwamba mtu wa kawaida ni yule aliye ndani ya gari, wakati asubuhi yoyote, Tandale au Mathare, ni wazi kwamba wenye miguu ndio jiji.

Wasomaji wa Kiswahili tunalijua jambo hili kwa jina. Aprili 2020 tulimpoteza Ken Walibora, mwandishi wa Siku Njema na Kidagaa Kimemwozea, na taarifa zilizotufikia zilisema amegongwa na matatu Barabara ya Landhies, Nairobi. Siku kadhaa zilipita kabla waliokuwa wakimtafuta hawajamkuta hospitalini. Tuliandika tanzia nyingi, nyingine nzuri sana, kuhusu riwaya zake na Kiswahili chake. Sikumbuki niliyoisoma ikizungumzia barabara. Tulimlilia mwandishi tukamwacha mtembea kwa miguu palepale alipoangukia.

Jiji lake lilikuwa limekwisha kuandika maneno mazuri. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilitoa sera ya usafiri usiotumia injini, ikaahidi kwamba asilimia 20 ya bajeti ya usafiri itakwenda kwa wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Ni sera ninayoiheshimu kama maandishi. Imesema wazi nani na kiasi gani. Mwaka 2018 kwenye Barabara ya Thika ikachorwa mistari myekundu na herufi tatu, BRT, kuonyesha njia ya mabasi ya haraka. Mabasi hayakuja, na rangi ikaanza kufifia chini ya matairi ya wengine. Mwaka 2022 ikafunguliwa barabara ya juu ya kulipia, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, kwa ajili ya magari. Ukisoma hizo tatu kwa mpangilio wa miaka, huhitaji mchambuzi. Zile herufi nyekundu za Thika Road nazihesabu kati ya hadithi fupi zaidi za kubuni zilizowahi kutoka Afrika Mashariki.

Sisi wa Dar tusicheke sana. Awamu ya kwanza ya mwendokasi ilijengwa pamoja na njia za waenda kwa miguu na za baiskeli pembeni, pana na zenye heshima, na hilo lilikuwa sehemu ya sifa zetu. Nenda ukazisome leo. Kuna bodaboda inapita kwa kasi ile ile iliyokuwa kosa kabla ya kuwa basi. Kuna gari limeegeshwa, taa za dharura zinawaka, kana kwamba taa zile ni kibali. Kuna meza ya chipsi. Simlaumu mwenye meza. Alikuwa anauza hapo kabla ya mhandisi kufika, na mwaka 2021 machinga walipoondolewa pembezoni mwa barabara kila mtu aliona jinsi jiji linavyoweza kusafisha ukurasa bila kuuliza aliyeuandika. Nalaumu picha.

Unazijua zile picha za kompyuta zinazotolewa kabla ya ujenzi. Nazisoma kama hadithi za kubuni, na wahusika wake wananishangaza. Kuna miti ambayo haijapandwa. Kuna mwendesha baiskeli, kijana, kofia ngumu kichwani, begi mgongoni, baiskeli nyembamba kama swala. Mwendesha baiskeli wa Dar ninayemjua mimi anatoka upande wa Pugu na magunia ya mkaa yaliyopanda kuliko kichwa chake, anasukuma mlimani na kushuka kwa breki ya ndala. Au ana tenga la samaki kutoka Feri. Au kreti za mikate alfajiri. Baiskeli yake ni lori. Upana wake ni mara mbili ya upana wa yule kijana wa kwenye picha, na akikutana na nguzo ya taa katikati ya njia hana pa kupita. Njia ilichorwa kwa ajili ya mhusika asiyekuwepo, na mhusika aliyepo akarudi barabarani kugombania lami na malori.

Na fasihi yetu haijamsaidia. Kijijini baiskeli ni mali, ni posa, ni heshima ya mwalimu na ya fundi cherehani. Tunayo hadithi nyingi zinazoisifu. Ikifika mjini inakuwa alama ya aliyeshindwa. Riwaya zetu za upelelezi, nilizozimeza ujanani na ambazo bado nazipenda, zinaijua Dar es Salaam kupitia kioo cha mbele cha gari. Simkumbuki Willy Gamba wa Elvis Musiba akigombania mlango wa basi. Riwaya nzito nazo humleta kijana mjini kwa basi la mkoani, humshusha stendi, humwibia begi, kisha humsahau njiani. Sura inayofuata tayari yuko kazini au yuko baa. Amefikaje? Ametembea kilomita ngapi, amepita kwenye mitaro ipi, nani alimkosakosa kwa tairi? Saa mbili au tatu za kila siku za maisha ya mhusika zimekatwa, na ni saa ambazo wasomaji wake wanazijua kuliko saa nyingine zote. Mhandisi aliyechora njia bila kumwona mtu wa mkaa amekulia kwenye vitabu hivi hivi.

Ndiyo maana nadhani kazi hii ni yetu pia. Mtu akiandika hadithi nzuri ya asubuhi moja kituo cha Kimara, yenye mama mwenye miadi Muhimbili na denti ambaye safari hii hakuna mkono wa konda mlangoni ila kuna mabega ya watu wazima mia mbili, atakuwa ameandika ripoti ambayo ofisi haiwezi kuijibu kwa usumbufu uliojitokeza.

Barabara ya Kilwa nayo imepata njia yake, hadi Mbagala Rangi Tatu. Lami ilikamilika, vituo vikasimama na paa zake, na kwa muda mrefu mbele yake hapakupita basi hata moja. Palikuwa na kitabu kilichochapwa bila maneno. Mabasi yalichelewa, kisha yakaja. Majina ya njia hiyo ni matamu kama ya Morogoro: Mtoni Mtongani, Kwa Aziz Ally, Zakhem. Nikifika Rangi Tatu nitatazama kwanza mbao za kituoni, nione kama kuna mahali palipoandikwa basi lijalo linakuja saa ngapi.